Herufi Moja ya Mama wa Nduma

Mimi nina hasira za karibu, na nikikasirika ulimi wangu hauwezi kutenganisha R na L. Nikiwa nimetulia ninaweza kukusomea ukurasa mzima ukadhani nimelelewa Lamu. Nikipandwa na mori, barabara inageuka "balabala", na lori linakuwa kitu ambacho hata mwenyewe sikitambui. Wengi wetu tuliozaliwa upande huu wa Thika tuko hivyo. Kikikuyu hakina L, kwa hivyo ile ya Kiswahili tuliipokea shuleni kama mgeni ambaye hujui atapenda kiti gani, tukawa tunamkalisha popote. Mwalimu wetu wa darasa la nne alitutandika kwa ajili yake hadi akachoka, maskini, akahamishwa bila kutushinda.

Vijana wanaotaka kutengeneza filamu za maisha ya watu huniuliza ilikuwaje nikaacha gazeti nikashika kamera. Huwa ninawajibu mambo mazito: nguvu ya picha, mabadiliko ya nyakati, sijui nini. Uongo mtupu. Niliacha gazeti kwa sababu ya herufi moja, na leo nitaisema ilivyokuwa.

Siku hizo nilikuwa mwandishi wa mashinani wa gazeti moja la Kiswahili lenye ofisi Nairobi. Eneo langu lilikuwa kuanzia Thika mjini hadi Ruiru, na kila jambo lililotokea katikati, liwe ng'ombe aliyeanguka kisimani au mheshimiwa aliyezomewa, lilikuwa langu. Niliishi Kiganjo, katika ploti ya milango kumi na miwili na mfereji mmoja. Alfajiri nilikuwa wa kwanza kwa yule muuza magazeti wa stejini. Nilimsaidia kukata kamba ya bunda ili nione kama habari yangu imetoka, na kama jina langu limeandikwa vizuri. Likiwa limetoka, nilikunywa chai ya maziwa na mandazi mawili. Lisipotoka nilikunywa ya rangi, nikilaani ofisi nzima. Picha tulizituma zikiwa bado hazijasafishwa, unachomoa filamu kwenye kamera, unaitia kwenye bahasha na kumpa makanga wa basi, unamwapisha kwa mama yake mzazi kwamba itafika. Na zilifika! Niliipenda kazi ile, jamani. Niliipenda vibaya sana. Siku hizi, nikiwa nimekaa na kompyuta yangu ghorofani Ruiru, picha elfu zikienda kokote kwa kubonyeza kidole, bado ninaikumbuka ile bahasha.

Katika eneo langu hakuna mahali nilipopenda kusimama kama Witeithie, kwa mama wa nduma. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, na kibanda chake kilikuwa kando kabisa ya barabara kuu ya zamani. Nduma zake, yaani magimbi, zilichemka kwenye sufuria kubwa iliyofunikwa kwa gunia na majani ya mgomba. Hakukubali zikatwe kwa kisu zikiwa moto. Alizivunja kwa vidole, akikuonyesha ndani zilivyo na unga, huku akisema, "Kuja uone, hii si ya maji kama za huko Juja." Mimi alinitandikia leso juu ya kreti ya soda nikae. Kisha anaanza. "Haiya, mwandishi, na wewe utaolewa lini? Ama unangoja uandike wanaume wote mpaka waishe?"

"Mama, wanaume wenyewe hawaandikiki," nilimjibu siku moja, akacheka hadi akashika nguzo.

Alikuwa na binti mmoja tu. Msichana mpole, mrefu, aliyekuwa akisomea ususi Thika. Alipopata mchumba, mtoto wa familia ya kanisani kutoka huku kwetu Kiganjo, mama alinieleza kabla hata sijakaa. Watu wa kijana walikuwa wameshakuja mara moja kubisha hodi, na walitarajiwa tena baada ya wiki mbili kwa mazungumzo ya ruracio, yaani mahari. Alinunua viti sita vya plastiki. Alipaka nyumba rangi ya samawati, na vidole vyake vikakaa na hiyo rangi wiki nzima.

Katikati ya hayo ndipo barabara ilipokuja kupanuliwa. Asubuhi moja vibanda vyote vya Witeithie vilikutwa na alama ya X kwa rangi nyekundu, na wauzaji wakapewa siku saba wawe wamehama. Nilifika nikiwa na kalamu na kamera. Mama wa nduma alikuwa amesimama mbele ya kibanda chake mikono kiunoni, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwuliza anataka serikali imfanyie nini. Nililiandika jibu lake neno kwa neno:

"Mimi nina msichana anaolewa, wageni wako njiani. Sitaki maneno mingi. Nataka tu mahali yangu."

Hayo ndiyo maneno yaliyo kwenye daftari, kwa L, kwa mwandiko wangu. Kwa mdomo wake ilikuwa "mahari yangu", lakini mimi ni wa kwao, ninamwelewa. Alitaka mahali. Alitaka futi nane za ardhi pa kuweka sufuria. Laiti angalau mmoja wetu angesema "mahali pangu", kama vitabu vinavyotaka, ile "pa" ingetuokoa sote, kwa kuwa hakuna mahari inayosema "pa". Lakini sisi huku ni "yangu" kwa kila kitu. Mahali yangu, kiti yangu, mtoto yangu.

Alasiri hiyo stima ilipotea Thika nzima, saiba zote tulikotumia barua pepe zikafungwa. Ikabidi niisome habari kwa simu. Nilisimama stejini, kidole sikioni, makanga wakipiga kelele za Kiuu na Githurai, betri ikikaribia kuzima. Aliyepokea kule ofisini alikuwa mzee wa Pwani, mtu wa Kiswahili safi kilichopigwa pasi, ambaye alizoea kunisahihisha ngeli hata nikimsalimu. Siku hiyo alinisahihisha mara tano. Hadi tunafika kwa maneno ya mama wa nduma, nilikuwa nimeshaiva kwa hasira.

"Nataka tu mahari yangu," nikasoma.

"Mahari?" akauliza.

"Mahari, ndiyo! Mahari yangu! Si nimesema? Andika, simu inazima!"

Aliniuliza, jamani. Yule mzee aliniuliza vizuri, kwa heshima, na mimi nikamfokea. Tulikariri methali shuleni kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nikaiandikia insha nikapata alama nzuri, na haikunisaidia chochote.

Kesho yake nilikata kamba ya bunda kama kawaida. Ukurasa wa tano. Picha yake ilikuwa kubwa, mikono kiunoni, na juu yake kwa herufi nene: AFUKUZWA BARABARANI, ADAI MAHARI YA BINTI. Chini wakawa wamepanga maneno vizuri kabisa, kwamba mama huyo, ambaye bintiye anakaribia kuolewa, anapoteza kibanda chake na sasa hataki maneno mengi, anataka tu mahari yake. Na jina langu hapo, limeandikwa bila kosa. Niliketi kwenye ukingo wa mtaro nikaisoma tena.

Asiyejua mila zetu atasema, sasa hapo kuna nini? Kuna mengi. Mambo ya ruracio huzungumzwa na wazee, na hata wao hawayataji waziwazi. Wanazunguka. Wanasema wamekuja kutafuta kondoo wao aliyepotelea boma hili, wanaulizwa ana alama gani, watu wanacheka, wanakunywa uji. Mama wa msichana kazi yake ni kupika na kunyamaza. Mama kusimama barabarani na kudai, tena kwenye gazeti, tena akisema hataki maneno mengi, ni kama kumfunga mtoto kamba shingoni umpeleke mnadani. Watu wa kijana waliisoma. Pale Kiganjo ilisomwa na kila mtu, hata kinyozi aliibandika ukutani. Wakatuma ujumbe kwamba wamepata shughuli, watakuja siku nyingine. Hiyo siku nyingine haijafika mpaka leo.

Nilikwenda kwake siku ya tatu. Kibanda kilikuwa kimeshabomolewa, hata zile siku saba hazijaisha. Nilimkuta nyumbani, amekaa kwenye kimojawapo cha vile viti vipya, na hata hivyo akaniambia, "Karibu, kaa." Kisha akaniuliza swali moja. "Ni nani aliandika hivyo?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa ulimini.

"Ni watu wa Nairobi, mama," nikasema. "Wale wa ofisini. Ni mtu wa Pwani, hakukuelewa."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi si wewe," akasema, akaenda kuniletea chai. Niliinywa. Sijui niliinywaje, lakini niliinywa yote. Na marekebisho sikuyaomba gazetini kamwe, maana sisi wa mashinani hatukuwa na barua ya kazi. Kosa moja na simu yako haipokelewi tena. Niliona aibu, na bado ninaiona ninapoandika haya.

Nilikaa gazetini miezi michache zaidi. Kila nikiandika maneno ya mtu ndani ya alama za kunukuu, mkono ulisita. Nikaenda kujaribu redio. Wakanisomesha taarifa, wakanisifu sauti, kisha wakaniambia kwa upole kwamba nikiharakishwa ulimi una mambo. Niliondoka nimewakasirikia, ingawa walikuwa na haki. Halafu shangazi yangu mmoja akataka mtu wa kupiga video ya harusi, nikaazima kamera, na siku ile ndipo nilipogundua kitu kilichonibadilisha. Bibi harusi alisema maneno yake kwa mdomo wake, kwa lafudhi yake, na mimi sikuhitaji kuyagusa. Nilimwacha aseme tu. Toka hapo sikurudi nyuma. Nimepiga filamu za wachuna chai, za mafundi wa ngozi wa Thika waliostaafu, za wazee wa kwaya. Tulianza na kanda, tukaja kwa kadi ndogo kama ukucha. Nimezeeka humo, na nimefurahi humo.

Ila kila nilipopita Witeithie niligeuza uso upande wa pili.

Miaka mingi ikapita hivyo, hadi juzijuzi nikapata ufadhili wa filamu kuhusu akina mama waliouza kando ya barabara kabla haijapanuliwa. Niliandika orodha ya watu wa kuhojiwa, nikawa ninajua vizuri kabisa jina ninaloliruka. Mwishowe nikajiambia, wewe mwanamke, utakwepa mpaka lini? Nikaenda.

Sasa anaitwa cucu na kila mtu, yaani nyanya. Anauza nduma mlangoni pake, ndani kidogo ya mtaa, sufuria ndogo. Alinitambua kabla sijafika. "Mwandishi! Uliolewa?"

"Niliolewa, cucu, nikaachika."

"Kai! Haraka hivyo?" Tukacheka, na nikataka kulia papo hapo.

Nilipomweleza habari ya filamu, alikubali kwa sharti moja. Alitaka msichana wake aione. Binti hakuolewa kamwe. Ana saluni Kiuu, maisha yake yanaenda. Huja Krismasi, anaweka unga na sukari mezani, anauliza afya, anaondoka kabla chai haijapoa.

"Hukuwahi kumwambia?" nikauliza.

"Nilimwambia siku ile ile. Nikamwapia. Akaniangalia, akasema, 'Lakini mami, imeandikwa.'" Aligeuza nduma kwenye sufuria. "Sasa mtu ambaye hajaenda shule atashindana aje na kitu imeandikwa?"

Niliwasha kamera. Nikamwomba aseme alichosema siku ile. Akajiweka sawa, akafuta mdomo, akaangalia kamera kama anaangalia jaji.

"Sikusema mahari," akasema. "Nilisema mahari."

Nikamwomba arudie. Akarudia, kwa sauti zaidi. "Si mahari! Ma-ha-ri!" Akajisikia mwenyewe. Akajaribu mara ya tatu, ya nne, akipindua ulimi hadi mate yakamtoka, na kila mara ikatoka ile ile. "Ngai, hii kitu inakataa!" akapiga goti lake, akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka wote wawili hadi machozi. Hapo sote wawili tukaelewa jambo moja. Kamera niliyoikimbilia miaka yote hiyo haikuweza kumsaidia. Ningeandika maneno chini ya picha, lakini hayo pia yangekuwa ni mimi nimeandika. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua ukweli na aliyeweza kuutamka.

"Cucu," nikasema, "haikuwa watu wa Nairobi. Ni mimi. Nilisoma kwa simu nikiwa na hasira, ulimi ukateleza. Waliniuliza, na bado nikasema mahari."

Alichukua nduma moja, akaivunja, akaiangalia ndani.

"Ukanidanganya nikikupikia chai," akasema.

"Ndiyo."

"Aca, hapana, usiniambie mimi pole. Mimi nilijua nilisema nini." Sauti yake ilikuwa kali kuliko nilivyowahi kuisikia. "Mwambie yeye. Na si kwa simu. Weka ndani ya hiyo filamu, kwa sababu yule anaamini kitu ikishawekwa."

Wafadhili walikuwa wameshachagua mtu wa kusoma maelezo, mwanamume mwenye sauti ya asali. Niliwaambia sehemu ya Witeithie nitaisoma mwenyewe. Wakasema ulimi wangu utawachekesha watazamaji. Nikawajibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Nikaisoma mara moja, bila kurudia. Nilipofika kwenye "nilidanganya" R na L ziliniponyoka zote, nikaziacha hivyo hivyo.

Kisha nikaenda Kiuu. Nilimkuta anasuka kichwa cha mteja, mwanamke wa miaka arobaini sasa, mrefu vilevile. Nilimwambia tu kwamba mama yake yumo ndani ya filamu, na itaonyeshwa Jumapili baada ya ibada. Hakusimamisha vidole. "Nitaona," akasema.

Tuliionyesha katika ukumbi wa kanisa, Witeithie, alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Watu walijaa. Ilipofika pale cucu anasema "Sikusema mahari, nilisema mahari," ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko, kwa kuwa wote walielewa tofauti bila kuelezwa. Ndipo ikaja sauti yangu, na kicheko kikazimika mstari kwa mstari. Nilieleza simu, nikaeleza yule mzee alivyoniuliza, nikaeleza chai niliyokunywa. Nilikuwa nimesimama kando ya ukuta. Nilitamani ukuta unimeze.

Mablanketi yaliposhushwa nilimwona binti, nyuma kabisa, mkoba ungali begani. Alinijia mimi kwanza.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na ulijua tangu siku ile."

"Tangu asubuhi ile."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, na ningelipokea. Lakini alinitazama kama mtu anayetafuta kitu nyuma yangu. "Mimi nilimwambia imeandikwa," akasema kwa sauti ndogo. "Alikuwa analia, na mimi nikamwambia imeandikwa."

Akanipita, akaenda mbele. Cucu alikuwa bado amekaa, mikono mapajani, na watu walio karibu naye wakasogea wenyewe. Alimwangalia mtoto wake kuanzia kichwani hadi viatuni, akaona kitu ambacho mama pekee huona.

"Umekura?" akamwuliza.

Mtu wa Pwani angedhani anaulizwa habari za uchaguzi. Katika ukumbi ule hakuna hata mmoja aliyekosea.

"Bado, mami," binti akasema, akapiga magoti pale mbele ya kanisa zima, mwanamke mzima na mkoba wake, akalia kwa sauti.